Jicho la Kulia

Watu wa kliniki yetu husema nina kisirani. Si uongo. Miaka kumi na tisa nimekaa kwenye chumba kimoja hapa Kitale, dirisha linatazama ukuta, namulika macho ya watu kwa tochi kutoka asubuhi hadi saa kumi. Anayeweza kazi hiyo bila kisirani aje achukue kiti. Jina langu ni Nyaruai. Baba alitoka Nyeri akanunua shamba huku Trans-Nzoia, mimi nikaishia mtaa wa Tuwan kwenye nyumba ya vyumba viwili na kuku sita. Mimi si mpasuaji. Ni afisa wa macho: napima, naandika, naamua nani aende kwa mpasuaji na nani arudi nyumbani akanywe uji.

Nikipenda kitu kimoja duniani, ni neno lililosemwa sawasawa. Ndiyo maana Mukhisa ananichosha. Huyu ni mtu wa Bungoma, kazi yake kulaza wagonjwa usingizi kabla ya upasuaji, na anaijua. Lakini herufi mbili zimemshinda tangu azaliwe. "Rara, mama," anawaambia wagonjwa, "rara kidogo." Nikimsahihisha ananiomba niseme lori. Mimi husema rori, kama watu wote wa kwetu. Nyani haoni kundule, na Mukhisa hajachoka kunikumbusha.

Jerop aliingia chumbani kwangu mwezi wa tatu mwaka jana. Fundi wa nguo kutoka Saboti, mama wa miaka arobaini na kitu, kazi yake kushona sare za shule. Aliketi, akageuza uso upande wa kushoto, akaniangalia kwa pembeni kama mtu aliyeudhika.

"Mama, mimi niko hapa mbele," nikamwambia. "Niangalie."

"Si ndio nakuangalia. Nikiangalia straight mnakuwa wawili."

"Mmoja anatosha. Uliza wenzangu."

Alicheka. Kisha akaeleza. Wiki tatu kabla ya hapo alikuwa nyuma ya pikapu akienda soko la Chwele. Gari likaruka shimo, akaanguka, kichwa kikapiga barabara. Alizimia kidogo. Alipoamka alikuta kuna Milima Elgon miwili, mmoja kando ya mwingine, na tangu siku hiyo kila kitu alichotazama kilikuwa na pacha wake.

Hapa lazima nifundishe kidogo, la sivyo kosa lenyewe halitaeleweka. Kila jicho lina misuli sita ya kuligeuza. Misuli haijiamulii, inapokea amri kupitia neva zinazotoka kwenye ubongo, na neva hizo zina namba. Ya tatu ndiyo yenye mzigo: misuli minne ni yake, na kuinua kope pia ni kazi yake. Ya nne ina msuli mmoja. Ya sita nayo ina mmoja tu, ule wa nje, unaolivuta jicho kuelekea sikio. Ni kazi ndogo, lakini neva hiyo inapita njia ndefu na kupanda juu ya mfupa ndani ya fuvu, kwa hiyo kichwa kikigongwa huumia upesi. Na ubongo hauamrishi jicho moja. Unaamrisha yote mawili kwa pamoja, sawa kwa sawa, ili yatazame mahali pamoja. Moja likikaidi, mtu anaona viwili.

Nilimshika Jerop kidevu nikamwambia afuate kidole changu kwa macho tu. Upande mmoja macho yote mawili yalikwenda. Upande wa pili jicho la kushoto lilifika katikati likakwama hapo, likitetemeka kidogo, na mwenzake akawa amekwisha kufika puani. Nikaandika kwenye faili: kushoto, neva ya sita. Niliandika vizuri, kwa mwandiko unaosomeka. Hilo nataka lijulikane.

Neva iliyoumia hupewa muda. Miezi sita, hata tisa, kwa sababu nyingine hupona zenyewe. Ya Jerop haikupona. Kila alipokuja kupimwa alikuwa amekonda kidogo. Sindano aliiona mbili, na siku moja alichagua ile isiyokuwepo akajishona kidole. Ili aone kimoja alilifumba jicho bovu, na kanisani kina mama wakaanza kunong'ona ati anakonyeza mabwana za watu. Mwenyekiti wa kikundi chao akamwita kando akamwambia afadhali akae viti vya nyuma. Basi akaanza kulifunga kwa leso, akalisugua, likapata vidonda vya kope, likawa linatoa machozi mchana kutwa.

Hayo ya kanisani alinisimulia akicheka. Kuhusu cherehani hakucheka. "Daktari," alisema, "mimi kulima sijui. Mume nilizika. Watu wakinitafuta wanasema nendeni kwa fundi. Nikiacha kushona, mimi ni nani?"

Nilimwandikia dawa ya vidonda, nikamwambia jina lake litaingia kwenye orodha ya Dk. Hemali. Huyo ni mpasuaji wa misuli ya macho, na wa namna yake ni wachache. Familia yake ina duka la vipuri hapa Kitale, lakini yeye anakaa Eldoret, na mara tatu kwa mwaka anakwenda hospitali moja Bungoma kupasua kwa siku moja. Hospitali sitaitaja, maana haikukosa kitu. Anafika saa moja asubuhi, saa sita anaondoka. Asiyewahi anangoja miezi minne.

Orodha huandaliwa na mimi. Siku ya kuandaa ile ya Jerop, Bungoma walitaka majina kabla ya saa kumi, nami nilikuwa na wagonjwa themanini kwenye benchi. Faili zilikuwa kabatini na ufunguo wa kabati ulikuwa mfukoni mwa Kagwe, karani wetu, na Kagwe alikuwa matangani. Nikafanya nilivyozoea. Nilishika simu kwa bega nikampigia kila mgonjwa, jina, umri, jicho gani, haya kwaheri.

Jerop alianza kuniamkia na kuuliza habari za watoto. Sina watoto. Nikamkatiza.

"Mama, nijibu tu. Jicho gani linapasuliwa?"

"Ni ile ya kulia."

Nikaandika: kulia. Simu nzima haikufika dakika moja.

Siku yenyewe nilitoka Kitale alfajiri nikafika Bungoma mapema, kwa sababu Dk. Hemali hupenda niwe msaidizi wake. Jerop alikuwa wa pili kwenye orodha. Nilimkuta kitandani amevaa gauni la hospitali, leso mkononi. Kwa kalamu nyeusi nilimchora mshale juu ya nyusi ya kulia, kama orodha yangu ilivyosema. Nilikuwa naongea na muuguzi mwingine wakati nachora. Jerop alitulia kama mtoto anayepakwa mafuta, hakusema neno, na mimi sikumwuliza neno.

Akaingizwa thieta. Mukhisa akamshika mkono, akaongea naye mambo ya Chwele, bei ya vitunguu, nani amekufa, na katikati ya maongezi hayo Jerop akalala. Mimi nilikuwa pembeni nanawa mikono.

Sasa, jambo moja ambalo watu hawalijui. Mtu akilala usingizi wa dawa, amri za ubongo kwa macho hukatika. Yale yaliyopinda hunyooka au huelea popote. Makengeza ya Jerop yaliyotambulikana kutoka mlangoni hayakuwepo tena. Mpasuaji akimfungua kope anaona macho mawili yanayofanana, yametulia, hayamwambii lolote. Kitu pekee kinachomwonyesha pa kukata ni mshale na karatasi, na vyote viwili vilikuwa vimetoka mkononi mwangu.

Dk. Hemali aliweka kifungua kope kwenye jicho la kulia. Akaomba mkasi. Nikampa.

Mukhisa alikuwa amekaa kichwani pa mgonjwa akitazama mashine yake. Akacheka peke yake. "Huyu mama ni muchekeshaji," akasema. "Ati, 'Mwanangu nipanguze, hii ya kuria hainyamazi.'"

"Kulia, Mukhisa," nikamwambia, kama kawaida yangu. "Ku-li-a."

Nikalisikia neno likitoka kinywani mwangu. Kisichonyamaza ndicho kinacholia.

"Ulimpanguza jicho gani?" nikauliza.

"Si ni hii hapa." Akagusa kitambaa upande wa kushoto. "Ndio inatoa machozi."

Mkasi ulikuwa karibu na jicho. Nitasema ukweli wote: sikufungua mdomo mara moja. Nilihesabu kwanza. Nikajiambia kwamba pengine Mukhisa amekosea, pengine ni mimi ninayekosea sasa, faili liko Kitale na mimi naona maelfu ya macho kwa mwaka. Nikawaza uso wa Dk. Hemali, na wauguzi wawili waliosimama pale, ambao nimewahi kuwagombeza kwa kosa la nukta. Niliona aibu kabla hata ya kujua kama kuna kosa. Ikiwa ningenyamaza na mkasi ukakata, msuli mzima wa jicho zima ungelegezwa, na Jerop angeamka na macho mawili mabovu badala ya moja. Yote hayo niliyajua, na bado nilichukua muda, labda wa kuvuta pumzi mbili.

"Daktari, simama," nikasema. "Nafikiri jicho nililoandika silo."

Dk. Hemali hakuinua kichwa. "Unafikiri au unajua?"

"Nafikiri."

"Faili?"

"Kitale."

Anaongea Kiswahili cha dukani, kifupi, kila neno linalipiwa. "Basi tutauliza misuli," akasema.

Akaweka mkasi chini akachukua kibanio kidogo chenye meno. Alishika jicho la kulia pembezoni mwa weusi, akalivuta taratibu kuelekea sikio. Lilikwenda lote, laini. Kisha akalifungua la kushoto, akalishika vivyo hivyo, akavuta kuelekea sikio lake. Likaenda nusu likagoma kama ng'ombe aliyefika mwisho wa kamba. Alivuta tena, likagoma palepale. Maana msuli wa nje ukikosa amri mwaka mzima, ule wa ndani hauna wa kushindana naye. Unajikunja, unakuwa mfupi na mgumu, na hata mtu akilala ugumu huo hauondoki.

"Kushoto," Dk. Hemali akasema. "Nani aliandika orodha?"

"Mimi."

"Futa huo mshale."

Nikaufuta kwa spiriti. Upasuaji ulikwenda vizuri. Aliulegeza ule msuli wa ndani, kisha akachukua nusu ya msuli wa juu na nusu ya msuli wa chini, ambayo ni ya neva ya tatu, akaishona upande wa nje ili ifanye kazi ambayo neva ya sita imeshindwa. Saa sita kasoro alikuwa ndani ya gari lake. Kabla ya kuondoka alisema kumwambia mgonjwa ni juu yangu. Ningefurahi kama angenifokea.

Mukhisa alinipa chai. "Sista, mama amepona," akasema. "Wacha hivyo. Yaliyopita si ndwele."

Nililala Bungoma kwa binamu yangu. Asubuhi nikaenda wodini kumfungua bandeji. Jicho lilikuwa jekundu na limevimba, lakini lilikuwa katikati. Nikainua kidole.

"Ngapi?"

Alikitazama sana. Hakugeuza uso. "Moja," akasema, kwa sauti ndogo.

Nikakipeleka kulia, moja. Nikakipeleka kushoto, moja, moja, kisha mbali kabisa kikawa viwili. Nikamwambia huko mbali patabaki hivyo, asipatazame kwa jicho, ageuze kichwa. Akasema sindano haikai huko mbali, sindano inakaa mbele. Akaomba uzi. Muuguzi akamletea sindano ya kushonea vifungo, Jerop akautia uzi mara ya kwanza, akautoa, akautia tena. Nilimwacha afanye hivyo mara nne au tano. Nilikuwa na furaha, na bado sikuwa nimemwambia.

Kisha nikavuta kiti nikamwambia. Nilimwambia yote: simu, mshale, mkasi ulipofika. Sikulaumu Kiswahili chake. Nilitaka kukilaumu, nikajizuia.

Jerop aliishika ile sindano akafikiri. "Jicho haikuli, daktari," akasema. "Mkono ya kulia najua, ndio unakula nayo. Jicho itakula nini? Jicho inalia. Na ni moja tu ilikuwa inalia."

"Na mshale? Mbona hukusema kitu nikichora upande huo?"

"Pale Chwele, ng'ombe ikipakwa rangi imenunuliwa. Hakuna mtu anagusa. Nikajua umeweka alama kwa ile nzima, wasiiguse."

Alisema hivyo bila hasira, kama anayenielekeza njia. Nikamwomba msamaha. Akasema amesamehe, ni Mungu, mambo mengine ya kawaida ambayo watu husema. Halafu akaendelea kunitazama kwa yale macho mawili yaliyonyooka. Nilikuwa sijawahi kutazamwa naye hivyo.

"Na wale wengine?" akauliza.

"Wengine gani?"

"Wale uliuliza kwa simu kama mimi."

Nilirudi Kitale siku hiyohiyo. Kagwe alikuwa amerudi kutoka matangani, nikamwomba afungue kabati asiniulize kitu. Nilitoa orodha zote za miaka ya nyuma nikatafuta wale wa neva, wale ambao jicho moja tu ndilo bovu na orodha yao ilifanywa kwa simu. Walikuwa kumi na wanane. Nilisoma faili zao moja moja nikilinganisha. Kumi na saba ziliafikiana na orodha. La kumi na nane nilisoma mara tatu.

Lilikuwa la Mzee Khaemba wa Chwele, anayefuga na kuuza mbuzi. Alipigwa na mti kichwani. Kwenye faili, kwa mwandiko wangu unaosomeka: kushoto, neva ya sita. Kwenye orodha, kwa mwandiko huohuo: kulia. Alipasuliwa miaka minne iliyopita, na mpasuaji wa wakati ule ameshahamia nchi nyingine. Mzee hakuwahi kurudi kliniki, nami nilikuwa nimechukulia kwamba amepona. Asiyerudi amepona, ndivyo tulivyokuwa tukisema.

Nilimpigia. Alinifahamu kwa sauti. Safari hii nilimwacha aniamkie hadi mwisho, akauliza habari za mvua, za mahindi, za watoto. Nikamjibu zote. Kisha nikamwuliza anaonaje.

"Naona mbili, daktari. Zamani nilikuwa naona mbili nikiangalia upande moja. Tangu mnishone naona mbili kila mahali. Lakini nimezoea. Nafunika moja kwa kofia."

"Jicho tulilopasua, mzee, ndilo lililokuwa bovu?"

"Ah, hapana. Hiyo ilikuwa nzima kabisa."

"Kwa nini hukusema? Miaka minne?"

Alishangaa swali lenyewe. Nilisikia kwenye simu. "Nyinyi ndio mumesoma," akasema. "Nilidhani mumeona kitu huko ndani, kitu mimi siwezi kuona."

Kisirani changu chote kiliniacha hapo kwenye kiti. Kagwe alikuwa mlangoni na funguo zake, akijifanya hasikii.

"Hapana, mzee," nikamwambia. "Hatukuangalia."

Nilingoja anitukane, na ningemshukuru. Kisha akauliza kama siku yake ya kliniki bado ni Jumanne, na kama aje mapema.